Kauli ya Mama Lugano

1

Sauti ya Msomaji, mtambo wa kusoma picha za ubongo, ilikuwa ya upole kupita kiasi, sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Ilisema kwamba ubongo wa mgonjwa, sehemu ya mbele upande wa kulia, una uvimbe wa saratani kali, kwa uhakika wa asilimia tisini na saba, na kwamba kwa mujibu wa sheria kauli ya mgonjwa imesimamishwa kuanzia sasa.

Daktari Atuganile Mwaisumo alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi mno, lakini siku zote akiwa amesimama. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia akiwa amelala. Kwa muda aligeuza macho huku na huku akimtafuta mgonjwa anayezungumziwa, ili amkalie karibu kama ilivyokuwa kawaida yake. Daktari Elinami, kijana aliyemfundisha kazi mwenyewe, alipomshika mkono ndipo akaelewa.

Sheria haikuwa mbaya, au ndivyo alivyozoea kuwaambia wanafunzi. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayopima mambo na kuamua. Mtu mwenye uvimbe pale anaweza kukataa matibabu kwa sababu uvimbe wenyewe umemharibia akili ya kuamua, naye akafa akidhani amechagua. Kwa hiyo Msomaji akishatamka, maneno ya mgonjwa kuhusu matibabu yake hayahesabiki tena. Anayesikilizwa ni ndugu wa karibu, anayeitwa msemaji. Msemaji akiweka kidole kwenye kibao cha kukubali, mchwa wanaachiliwa.

Mchwa hao hawakuwa wadudu. Zilikuwa mashine ndogo zisizoonekana kwa jicho, zikielea kwenye kichupa cha maji ya rangi ya chai ya jana. Walichomwa kwenye mshipa wa shingo, wakapanda kichwani na kula kila mahali Msomaji alipopatia alama. Na walikula vizuri. Watu ambao zamani wangezikwa kabla ya mavuno walikuwa sasa wanazeeka na kugombana na wakwe. Tatizo la mchwa ni kwamba hawaulizi, na walichokula hakirudi.

"Elinami," alisema Atuganile, "hiyo siyo saratani."

Akamwomba aiwashe picha ukutani. Akamwonyesha pete ya mwanga iliyozunguka doa. Pete ya saratani mara nyingi hufunga. Hii haikufunga, ilikuwa na mwanya upande wa juu, karibu na gamba la ubongo. Kuna ugonjwa, alieleza, ambamo kinga ya mwili huchanganyikiwa na kuanza kutafuna ala inayofunika mishipa ya fahamu. Kwa kawaida huacha alama ndogo ndogo. Mara mojamoja huvimba mahali pamoja mpaka ukiangalia picha unaapa kwamba ni uvimbe. Huo hautaki mchwa. Unataka dripu ya steroidi, dawa ya kutuliza kinga, kwa siku kadhaa, upoe. Ukiwaachia mchwa, watakula ubongo ambao ungepona wenyewe.

Elinami alisikiliza. Alikuwa msikilizaji mzuri, na hilo ndilo lililoanza kumtia Atuganile wasiwasi.

"Na hii si mara ya kwanza," aliendelea. "Niliwahi kupoteza jicho. Nilikuwa Morogoro kwenye semina. Likaingia ukungu, likauma nikiligeuza, rangi nyekundu ikapauka kama tofali lililofuliwa. Baada ya wiki kadhaa likarudi lenyewe. Shambulio moja kwenye jicho, jingine kwenye ubongo, nyakati mbalimbali. Unajua maana yake: ni ugonjwa ule wa kinga, si saratani."

"Jicho lipi, mwalimu?"

"La kulia."

"Asubuhi ulisema la kushoto."

Atuganile alifumba jicho moja, halafu jingine, kana kwamba jibu lingeonekana humo. Elinami aliuliza kama alitibiwa mahali, au kama alimwambia mtu yeyote. Hakumwambia mtu. Ni daktari gani wa ubongo anayetaka kuanza kusemwa kwamba haoni? Alikuwa amevaa miwani myeusi na kusingizia vumbi.

Ndipo Elinami akasema, polepole, kwamba kisa hicho anakifahamu. Kila mwaka Atuganile alikuwa akiwasimulia wanafunzi habari za mgonjwa wake mmoja, mwalimu wa hesabu kutoka Kyela. Semina, Morogoro, ukungu kwenye jicho, rangi nyekundu. Hata lile tofali lililofuliwa lilikuwamo.

Kichwa kilimzunguka. Alimkumbuka yule mwalimu wa hesabu, mwanamke mrefu mwenye mwanya. Alijikumbuka na yeye mwenyewe, amesimama mbele ya kioo cha nyumba ya wageni, kiganja kwenye jicho. Je, alikuwa amempa mgonjwa wake kumbukumbu yake ili asiionee haya, au ubongo wake unaoharibika ndio ulioiba kumbukumbu ya mgonjwa? Zote mbili ziliwezekana. Alitafuta kitu cha kuzitenganisha asikipate, na hofu ikamshika, hofu ya kweli, ambayo kutamkiwa saratani hakukuwa kumemletea.

Elinami alitikisa kichwa taratibu, chini na juu. Atuganile aliujua mtikiso huo. Yeye ndiye aliyemfundisha: ukibishana na mgonjwa ambaye kauli yake imesimamishwa unamchosha bure, mtikisie kichwa, kisha nenda ukazungumze na ndugu.

2

Gwakisa, mumewe, aliingia amelowa mpaka kwenye soksi. Mvua ya Tukuyu ilikuwa haijaacha tangu juzi, naye alikuwa ametoka moja kwa moja shuleni, ambako alikuwa akifundisha jiografia, huku mfukoni akiwa bado na chaki ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyeitumia siku hizo. Elinami alikuwa ameshamkamata kwenye korido na kumweleza yote. Kesho kabla ya jua kuzama awe ameamua.

Atuganile alimwuliza ameambiwa nini, ili ajue aanzie wapi. Ameambiwa kwamba akikubali mchwa, kuna uwezekano mkubwa mkewe akaishi. Ameambiwa kwamba hawezi kujaribu dripu kwanza halafu mchwa baadaye, kwa sababu steroidi hufuta mipaka ya doa, na mchwa wasioona mpaka hawaachiliwi. Ingebidi kungoja miezi mingi, na saratani ya aina hiyo haingoji. Ameambiwa pia kwamba zamani kulikuwa na njia ya kutoboa fuvu na kuchukua kinyama cha kupima. Mtambo wa kutobolea uling'olewa miaka mingi iliyopita, na daktari wa mwisho aliyejua kuutumia alistaafu, sasa anafuga nyuki. Kuchukua maji ya uti wa mgongo kungekuwa hatari, maana presha kichwani ilikuwa imepanda.

"Na wewe umeambiwa kwamba nitakataa," alisema Atuganile.

"Nimeambiwa kwamba utakataa, na kwamba huo ugonjwa ndio unaokataa."

Alisema hivyo bila kumtazama. Atuganile akaanza kumweleza habari za pete isiyofunga, akafika katikati, akapotelewa na alichotaka kusema. Alianza upya. Mara ya pili alimwita mumewe Lugano, jina la binti yao aliyekuwa kwa bibi yake Mbeya, akajisikia amekosea. Gwakisa alivua soksi zake, akazikamua kwenye sinki, akazitundika kwenye chuma cha kitanda. Kwa namna fulani jambo hilo lilimtuliza mkewe kuliko neno lolote.

"Mama Lugano, nikuulize kitu cha kijinga," alisema Gwakisa. "Shangazi Tumpe naye si alikuwa na uvimbe kichwani?"

Atuganile alimkumbuka shangazi huyo wa mumewe kwa magimbi yake na kwa mdomo wake. Uvimbe hakuukumbuka. Gwakisa akamsimulia kwamba ilikuwa kabla hawajaoana. Shangazi alipooza mkono, akapelekwa hospitali hii hii, akaambiwa ni uvimbe na kwamba hauna dawa, maana mchwa walikuwa hawajaja. Akapewa sindano za kupunguza maumivu, akarudishwa nyumbani akafie kwao. Watu walishaanza kuchanga fedha za mazishi. Mkono ukarudi, naye mpaka leo analima.

"Alirudi kuonyesha kwamba amepona?"

"Angerudi kufanya nini? Amepona."

Atuganile aliketi ghafla mpaka mashine ya mapigo ya moyo ikalia. Yeye alikuwapo Msomaji alipofundishwa. Alikuwa bado mwanafunzi, mmoja wa kundi zima lililokusanya picha za vichwa vya wagonjwa wa nyanda za juu zote. Kila picha ilitakiwa iwe na mwisho wake, mgonjwa yu hai au amekufa, ndipo Msomaji ajue doa lipi linaua. Wengi miisho yao haikujulikana. Waliambiwa uvimbe, wakapewa sindano, hawakuonekana tena. Wakubwa wa kazi wakakubaliana kwamba asiyerudi amekufa, na hakuna aliyebisha, kwa sababu ndivyo hospitali zote zilivyokuwa zikihesabu: mgonjwa wa uvimbe asiyerudi, amefia kwao.

Na sindano zile zilikuwa steroidi, ambayo hupunguza uvimbe na pamoja nao maumivu. Wale waliokuwa na ugonjwa wa kuigiza uvimbe ndio waliopona kwa sindano hizo, na waliopona ndio hasa wasiokuwa na sababu ya kurudi. Msomaji akawapokea wote kama maiti. Alikuwa amefundishwa kwamba pete isiyofunga ni kifo.

Alimweleza mumewe haya yote bila kupotea hata mara moja. Furaha ilimpanda, halafu ikashuka upesi, kwa sababu hadithi ilikuwa nzuri mno. Wagonjwa wake wenye uvimbe wa mbele nao walikuwa na hadithi nzuri. Mmoja aliwahi kumthibitishia kwa hoja safi kabisa kwamba yeye Atuganile ndiye mwenye uvimbe.

"Baba Lugano, nisikilize. Kichwa hiki kinazidi kuvimba. Kesho huenda nikakuambia nimekubali mchwa. Usinisikilize. Anayesema sasa ndiye mimi."

Gwakisa alifikiri kwa muda mrefu, kama alivyofanya kila mara, jambo lililokuwa likimkera mkewe katika mambo yote mengine ya maisha.

"Nitajuaje kwamba anayesema sasa ndiye wewe?"

Atuganile alimwomba aahidi. Gwakisa hakuahidi wala hakukataa. Alimfunika miguu, akakaa.

3

Alipoamka alikuwa zamu. Kulikuwa na mwanga wa mchana dirishani na wodi ilikuwa kimya, kwa hiyo alikuwa amechelewa, na mtu fulani alikuwa amemvalisha nguo za mgonjwa kwa utani usiochekesha. Ukutani palikuwa na picha ya kichwa. Aliisoma kwa mazoea ya miaka. Doa kubwa la mbele, upande wa kulia, pete inayong'aa, ubongo umesukumwa pembeni. Maskini, aliwaza, huyu apewe mchwa leo hii.

Halafu akasoma jina.

Hakupiga kelele. Alimwona mumewe kwenye kiti na Elinami karibu na mlango, akawauliza wanangoja nini. Walitazamana. Elinami alimwambia kwa uangalifu kwamba jana alikuwa na maoni mengine. Maoni gani? Kwamba si saratani. Atuganile aliitazama tena picha. Aliweza kuuona mwanya kwenye pete, lakini kwa nini mwanya huo uwe na maana yoyote hakuweza kukumbuka. Mgonjwa kujitungia ugonjwa mwepesi, aliliona hilo kila wiki.

"Nilikuwa nimechanganyikiwa," alisema. "Sasa niko sawa. Leteni kichupa."

Msomaji akasema, kwa upole wake, kwamba mgonjwa ameafiki matibabu, na kwamba ingawa kauli yake bado imesimamishwa, kuafiki huko kumehifadhiwa kama ushahidi. Mbele ya Gwakisa kibao cha kioo kiliwaka sehemu mbili, ya kukubali na ya kukataa. Elinami, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimkumbusha kwamba msemaji anayewakataa mchwa huku mgonjwa mwenyewe akiwataka atajibu mahakamani.

"Jana uliniambia nisikusikilize leo," Gwakisa alimwambia mkewe.

"Sikusema hivyo."

"Ulisema."

"Gwakisa, mimi ni daktari wa ubongo. Nauona uvimbe kwa macho yangu. Weka kidole."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu Lugano azaliwe. Mumewe alikunja uso kama mtu aliyekanyaga kitu chenye ncha. Akasema hawezi. Ndipo Atuganile alipoelewa, au alipodhani ameelewa, kwamba yuko peke yake chumbani na watu wanaotaka afe. Alimsihi kwanza. Alimkumbusha mtoto. Kisha alimwambia maneno ambayo hakujua yalikuwa ndani yake, kwamba anamngoja afe amwoe yule mwalimu mwenzake wa Kiswahili, kwamba siku zote alimwonea wivu kwa kusoma kumzidi. Kila neno lilikuwa wazi kabisa kwake na la kweli kabisa. Alikuwa anapigania uhai wake, na mwanaume aliyemzalia mtoto alikuwa amekaa mbele yake akilia kimya, pua inamtiririka, hajifuti.

Gwakisa aliweka kidole kwenye kukataa.

Muuguzi alikuja akatundika dripu. Atuganile alijaribu kuing'oa, wakamfunga mkono kwa kitambaa laini. Akageukia ukutani.

4

Ukungu ulianza kuondoka kwa vipande. Kwanza alijua ni wodi gani. Halafu akajua ni wiki gani. Asubuhi moja alidai miwani yake na uji usiokuwa na sukari, akamkosoa muuguzi namna ya kufunga dripu, na muuguzi akaenda kumwita Elinami mbio.

Atuganile alimkanya mwanafunzi wake asifurahi mapema. Steroidi hupunguza maji hata yaliyozunguka saratani, na mgonjwa wa saratani naye huchangamka kwa siku chache akadhani amepona. Wasubiri picha. Walisubiri, na picha ilipokuja hapakuwa na haja ya mwalimu. Ubongo ulikuwa umerudi katikati. Mahali pa pete palikuwa na kovu jembamba, na mahali pa doa palikuwa na ubongo wake, mzima, ambao mchwa wangekuwa wameshaumaliza.

Msomaji aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema kwamba hailingani na ugonjwa wowote anaoujua. Kauli ya mgonjwa imerejeshwa.

Elinami alileta kibao mwenyewe. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaomba radhi kwa maneno ya kuzungukazunguka, halafu akaingia kwenye lililomleta. Ushahidi ulikuwa umeshatumwa. Msemaji alikataa matibabu ambayo mgonjwa aliyaafiki kwa mdomo wake, mbele ya Msomaji. Kupona kwa mgonjwa hakufuti kosa. Linafutwa na jambo moja tu: mgonjwa aliyerudishiwa kauli athibitishe kwamba alimwagiza msemaji wake hivyo, naye anakumbuka. Asipokumbuka, Gwakisa ataondolewa hapa leo kupelekwa mahakamani.

Gwakisa alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi vibaya upande mmoja.

Atuganile alijitafuta kichwani. Alikuwa amezoea kuwaambia wagonjwa wasilazimishe kumbukumbu, waisubiri. Aliisubiri. Zilikuja soksi zilizotundikwa kwenye chuma cha kitanda. Ilikuja hasira yake, kubwa na mbichi, na maneno yote aliyomwambia mumewe yakaja yamejipanga, halikukosekana hata moja. Agizo halikuja. Mahali lilipotakiwa kuwapo palikuwa patupu, pasafi, kama sakafu iliyopigwa deki.

"Nilikuambia nini hasa?" alimwuliza.

"Uliniambia nisikusikilize. Ulisema, 'Anayesema sasa ndiye mimi.'"

"Ukaamini?"

"Sikujua," alisema Gwakisa. "Mpaka leo sijui. Niliona kwamba nikikosea kwa dripu, utakufa ukiwa unajua nimekosea, na tutakuwa na wiki chache za wewe kuniambia. Nikikosea kwa mchwa, utaishi, na nisipate wa kumwomba msamaha."

Atuganile alimtazama mtu huyu aliyemwokoa kwa kukataa kumsikiliza. Alimpenda, na alimwogopa kidogo, na hayo mawili hayakutaka kukaa mbalimbali.

"Bado nina hasira na wewe, baba Lugano."

"Najua."

Kibao kiliwaka. Msomaji aliuliza kama msemaji alitenda kwa agizo la mgonjwa. Atuganile aliweka kidole kwenye ndiyo. Msomaji aliuliza kama mgonjwa analikumbuka agizo hilo mwenyewe, au ameambiwa na mtu mwingine. Alieleza, kwa upole, kwamba jibu litatumika kumfundisha namna ya kuwapima wagonjwa wengine wenye hali kama hii.

Elinami aligeuka akaanza kukagua dripu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Nalikumbuka," alisema Atuganile. "Nalikumbuka lote, neno kwa neno."

Msomaji alimshukuru, akalihifadhi jibu.